Trentino, Italia kaskazini: mvinyo wa milimani, ushirika wa wakulima wadogo na ukoo wa zabibu uliofika hadi Dodoma

Mchuma_Vichala

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mvinyo wa Italia ukizungumzwa humu, mazungumzo yanaishia Toscana, na akitokea mjuaji atatupia Prosecco. Mimi nilisoma Trento, mji mkuu wa mkoa wa Trentino, na kila vuli nilikuwa naingia mashambani kuchuma zabibu kama wanafunzi wengi wa pale wanaotafuta hela ya kujikimu. Nimeona niweke uzi wa mkoa ule kwa sababu una jambo ambalo wakulima wetu wa zabibu wangelisikia wangekaa vitako kusikiliza. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu.

Mto Adige unatoka karibu na mpaka wa Austria, unashuka kusini kuelekea Verona. Bonde lake pale Trentino ni jembamba, na pande zote mbili milima imesimama wima. Chini ni matufaa na zabibu, juu ni misitu, juu kabisa ni mawe ya Dolomiti. Ardhi ya kulima ni haba: mkoa mzima una mizabibu ya hekta kama 10,000 hivi. Hakuna cha shamba la bwana mkubwa lenye kasri na lango la chuma, isipokuwa machache. Familia nyingi zina hekta moja au pungufu, tena imekatika vipande: kimoja nyuma ya nyumba, kingine ng'ambo ya mto, cha tatu kilimani alikoachiwa mama na wazazi wake.

Sasa mtu mwenye robo hekta anatengenezaje mvinyo? Hatengenezi. Analima, anavuna, anapeleka kwenye chama. Zaidi ya asilimia 80 ya zabibu za Trentino hupita mikononi mwa vyama vya ushirika. Ukinunua Pinot Grigio ya Cavit huko Marekani, umenunua zabibu za wakulima zaidi ya 4,000 waliojiunga kwenye vyama vya msingi, na vyama hivyo ndivyo vinavyoimiliki Cavit. Mezzacorona nayo ilianzishwa na wakulima, mwaka 1904, na bado ni yao.

Hili halikuanza kwa semina wala kwa fedha za wafadhili. Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, Trentino ilikuwa maskini wa kutupwa. Wakati huo ilikuwa chini ya Austria. Magonjwa ya mizabibu yalishaingia, nondo wa hariri waliugua, na watu waliondoka vijiji kwa vijiji kwenda Brazil. Mpaka leo kuna mji unaitwa Nova Trento kule Santa Catarina. Padri mmoja, don Lorenzo Guetti, akaanzisha duka la ushirika mwaka 1890 kwenye eneo la Bleggio, na miaka miwili baadaye benki ndogo ya kijiji kwenye kitongoji cha Quadra ili watu waache kukopa kwa walanguzi. Kutoka hapo vyama vikaenea kila bonde: vya maziwa, vya matufaa, vya zabibu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mpaka ukahama, Trentino ikawa Italia, na soko la Vienna likageuka soko la nchi ya kigeni. Mkulima wa peke yake angezama siku ileile.

Na walikuwa na shule. Mwaka 1874, chini ya Waaustria, chuo cha kilimo kilifunguliwa San Michele all'Adige, na mkurugenzi wa kwanza alikuwa Edmund Mach. Leo ni taasisi kubwa ya utafiti yenye jina lake. Watafiti wake walikuwemo kati ya waliosoma jenomu, yaani ramani nzima ya vinasaba, ya zabibu ya Pinot Noir na kuitangaza mwaka 2007. Mkulima wa pale akiona doa asilolielewa kwenye jani, kuna mtu wa kumpigia simu anayejua anachokisema.

Niwaeleze siku ya kupeleka mzigo, maana ndipo nilipoelewa mchezo wote. Trekta zinapanga foleni nje ya kiwanda, kila moja na tela lake limejaa. Zamu ikifika, mkono wa chuma unashuka kutoka juu, unadumbukia katikati ya zabibu sehemu kadhaa na kunyonya maji yake. Sekunde chache tu namba inatokea kwenye kioo: kiwango cha sukari kwa kipimo cha Babo, kipimo walichoachiwa na Waaustria. Mzee niliyemchumia alikuwa hatazami mzani hata kidogo. Macho yake yako kwenye namba ile. Ikatoka 18.6, akashusha pumzi, kisha akageuka kutazama ya jirani yake. Jirani 17.9. Mzee hakusema neno, lakini njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Bei inafuata namba ile, aina ya zabibu, eneo la shamba na hali ya vichala. Iliyooza inakatwa bei au inarudishwa. Malipo hayaji siku hiyo: unapewa kwa awamu, na salio baada ya mvinyo kuuzwa na mahesabu kufungwa. Na kuna sharti lisilo na mjadala. Mwanachama anapeleka zabibu zake ZOTE kwenye chama. Hakuna kumpa dalali tela mbili usiku.

Nitaendelea na zabibu zenyewe.

Dr_Kipepeo

Nimeweka kambi. Mkuu shusha vitu.

Seminarista_Mstaafu

Trento ndiyo ile ya Mtaguso wa Trento? Tuliusoma mpaka tukaota.

Mchuma_Vichala

Ndiyo hiyohiyo, mkuu. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulifanyika pale mjini, ulianza 1545 ukafungwa 1563, na mijadala ya kipindi cha mwisho ilikuwa kanisa la Santa Maria Maggiore. Maaskofu miaka yote hiyo hawakuwa wanakunywa maji tu, hilo tukubaliane.

Haya, zabibu. Ukienda kaskazini ya mji kidogo unafika uwanda unaitwa Piana Rotaliana, kati ya Mezzolombardo, Mezzocorona na San Michele. Ni tambarare kabisa, halafu ghafla ukuta wa mwamba. Udongo wake uliletwa na mto Noce uliokuwa ukifurika na kumwaga kokoto, mpaka katikati ya karne ya 19 wakauhamisha mkondo. Chimba kidogo tu unakuta mawe ya mto. Maji hayatuami, na mwamba unakaa na joto la mchana.

Hapo ndipo nyumbani kwa Teroldego. Zabibu nyeusi, mvinyo wake ni zambarau nzito inayobaki kwenye meno. Una asidi ya kutosha, tanini, yaani ukakasi, si kali, na mwishoni unaacha uchungu kidogo ambao wageni wengine hawaupendi. Mimi ndio ulionikamata. Wenyeji wanaunywa na soseji na polenta, yaani ugali wao wa mahindi.

Kusini, Vallagarina, kwenye kijiji cha Isera, ni Marzemino: mwepesi, unanukia maua, haupendi kuwekwa miaka. Ukiambiwa kuna Marzemino wa miaka kumi, mwachie mwenyewe. Magharibi, Bonde la Maziwa, kuna Nosiola, zabibu nyeupe. Vichala vilivyo bora haviendi kukamuliwa bali vinatandazwa juu ya vichanja darini. Kila mchana upepo unaoitwa Ora unapanda kutoka Ziwa Garda na kuzikausha taratibu. Wanazikamua Juma Kuu, miezi mitano au sita baada ya kuvuna. Kilo 100 za zabibu hazitoi hata lita 20, na zinakaa kwenye mapipa madogo miaka. Wanauita Vino Santo. Ni mtamu, mzito, na bei yake inakutaka uwe umelipwa mshahara.

Kule Bonde la Cembra ni kilima tupu, mita 500 mpaka 800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, matuta yamejengwa kwa mawe bila saruji. Kuta hizo zikipimwa zote zinapita kilomita 700. Zao kuu ni Müller-Thurgau, zabibu iliyozalishwa Ujerumani mwaka 1882 na Hermann Müller, na duniani wengi wanaidharau. Kwa Cembra ina haki ya kujivunia: baridi ya usiku inaipa ukali ambao tambarare haiwezi kuupata. Trekta halipiti kule, mgongo wako ndio trekta.

bint_kisauni

Mimi sinywi na sitakunywa, ila uzi mtamu. Nina swali la kilimo. Kwenye picha za huko naona mizabibu kama paa, watu wanatembea chini yake. Hiyo ni kwa sababu gani?

Mchuma_Vichala

Dada, swali zuri. Hiyo ni pergola trentina, kichanja hasa. Nguzo imesimama, mkono wa mbao unapanda kwa mshazari, matawi yanatambaa juu yake na vichala vinaning'inia chini ya majani. Faida: jua kali haliunguzi zabibu, na upepo unapita chini. Zamani wakiotesha hata mboga chini yake, ardhi isipotee. Hasara: mashine ya kuvuna haiingii, na mzabibu ukiachiwa unazaa kupita kiasi. Mashamba mengi mapya yanapandwa kwa mistari ya waya, mzabibu umesimama wima, kwa sababu vibarua ni ghali.

Kuchuma chini ya kichanja kuna adha yake. Mikono iko juu ya kichwa siku nzima, mkasi mkono wa kulia, kushoto unashika kichala, na juisi inateremka kwenye mkono mpaka kwapani. Nyigu wanaijua njia hiyo kabla yako. Siku ya kwanza shingo haigeuki.

Mzee_wa_Hoja

Mleta uzi umepamba sana. Ushirika tumeuona sisi, pamba, kahawa, korosho, tunajua unavyoishia. Na kwenye mvinyo ni mbaya zaidi, maana mkulima akijua chama kitachukua kila kitu, anajaza matawi. Ubora unatoka wapi? Nimewahi kunywa Teroldego ya dukani Munich, haikuwa na habari yoyote.

Mchuma_Vichala

Mzee wangu, hapo sikupingi kwa kupinga tu. Tatizo lipo na wenyewe wanalijua. Miaka ya 1970 na 1980 Teroldego ililimwa kwa wingi, mvinyo ukawa mwembamba, jina likashuka. Aliyelirudisha ni mwanamke, Elisabetta Foradori wa Mezzolombardo. Alimaliza San Michele, baba yake alishafariki, akashika shamba mwaka 1984 akiwa bado binti. Akakuta miche iliyokuwa inauzwa imechaguliwa kwa kuzaa sana. Akapita kwenye mashamba ya zamani, akachagua mizabibu yenye vichala vidogo vilivyoachana, akaotesha kutoka kwenye hiyo. Mvinyo wake wa Granato ulianza na mavuno ya 1986. Mwaka 2002 akaingia kilimo cha bayodinamiki, kisichotumia kemikali za viwandani, baadaye akaanza kuchachua kwenye mitungi ya udongo kutoka Hispania. Na ni kweli kwamba chupa zake nyingi hazina jina la DOC (alama ya kisheria ya mahali mvinyo ulikotoka) ya Teroldego Rotaliano; aliona kanuni zile hazimlindi mtu anayevuna kidogo.

Kwa hiyo ndiyo, bora kabisa ya Teroldego imetoka nje ya ushirika. Nakupa hiyo.

Lakini tazama upande wa pili. Foradori na wenzake wanafanya kazi kwenye mkoa ambao mashamba yake bado yanalimwa. Bila vyama, zile hekta za Cembra zingeshakuwa pori, kama ilivyotokea mabonde mengine mengi ya Alps. Na wao vyama hawalali: mtaalamu wa chama anapita shambani kwako Julai, anakwambia angusha vichala kadhaa chini, na usipomsikiliza namba ya Oktoba itakusema. Mvinyo wa povu wa Altemasi ni wa Cavit, Rotari ni wa Mezzacorona, na sitaona aibu kumpa mgeni yeyote.

Kufilisika nako kupo. Kuna chama kimoja kikubwa kaskazini ya mji kilijitanua kununua mashamba na makampuni nje ya mkoa, madeni yakakilemea mpaka akawekwa msimamizi. Waliolipia ni wanachama, kwa bei ya zabibu.

Dr_Kipepeo

Umetaja povu. Ferrari ile ya kwenye jukwaa la Formula 1 ni ya huko? Ni ya wenye magari?

Mchuma_Vichala

Ni ya Trento, na hawana undugu na magari. Giulio Ferrari alisoma San Michele, akaenda Champagne kujifunza, akarudi na Chardonnay, zabibu nyeupe ya huko Ufaransa, na kuanza mwaka 1902. Hakuwa na mtoto. Mwaka 1952 akamuuzia Bruno Lunelli, mwenye duka la mvinyo mjini, na familia hiyo ndiyo inayo mpaka leo. Kwenye jukwaa la Formula 1 walimwagiana povu lao kuanzia 2021, kwa misimu kadhaa. Kisheria povu la mkoa linaitwa Trento DOC tangu 1993: uchachu wa pili lazima uwe ndani ya chupa, na chupa ikae na chachu yake miezi 15 kwa uchache, na ile ya daraja la juu, riserva, miezi 36. Chardonnay yake sasa inazidi kupandishwa mlimani kwa sababu chini joto limeongezeka na asidi inakimbia.

Mkenya_Halisi

Mkuu, na grappa je? Nilionjeshwa na Muitaliano mmoja Malindi, nikaona hii ni chang'aa tu imevalishwa suti.

Mchuma_Vichala

Hahaha, hujakosea sana. Grappa ni mashudu ya zabibu, yaani maganda na kokwa zilizobaki baada ya kukamua, yanatiwa kwenye mtambo na kutoneshwa. Kijiji cha Santa Massenza kule Bonde la Maziwa kimejaa mitambo hiyo, nyumba kwa nyumba, na wote wana leseni. Tofauti na chang'aa iko kwenye kukata: matone ya kwanza yenye methanoli, pombe ya sumu, yanatupwa, ya mwisho nayo yanatupwa, inabaki ya katikati. Na serikali inafunga kifaa cha kodi kwenye mtambo, huwezi kutonesha kimyakimya.

Italia nayo ilipata kilio cha methanoli, lakini kwenye mvinyo. Mwaka 1986, mkoa wa Piemonte, watu walichanganya methanoli kwenye mvinyo wa bei chee ili kupandisha nguvu yake. Walikufa zaidi ya watu 20, wengine wakapofuka. Mauzo ya nje ya mvinyo wa Italia yakaporomoka mwaka ule, na ukaguzi wote ukaandikwa upya. Mlilia Embu mwaka 2014, mnajua ninachosema.

Kiranja_wa_Hombolo

Wakuu nimeupitia uzi wote kimya. Mimi ni mkulima wa zabibu Dodoma, na naona hapo juu majina ninayoyajua. Teroldego na Marzemino zipo huku Hombolo! Waitaliano ndio walikuja nazo, pamoja na Syrah. Wengi wetu tuna Makutupora nyekundu, lakini hizo zipo. Kumbe ni za bonde moja?

Mchuma_Vichala

Kaka yangu, nilikuwa nakusubiri wewe. Zabibu za Dodoma zenyewe zilianza na wamisionari wa Kiitaliano pale Bihawana miaka ya 1950, walitaka divai ya misa. Hizi za Trentino zilikuja baadaye.

Na si bonde moja tu, ni damu moja. Mwaka 2006 watafiti, akiwemo wa San Michele, walitangaza vipimo vya vinasaba. Teroldego ni mzazi wa Marzemino. Ni mzazi pia wa Lagrein, zabibu ya Bolzano, mji wa kaskazini ya Trento. Halafu Teroldego ana ndugu yake wa tumbo moja Ufaransa anaitwa Dureza, na huyo Dureza ndiye mzazi wa Syrah. Yaani Syrah yako ya Hombolo na Marzemino yako ya Hombolo ni watoto wa ndugu wawili.

bint_kisauni

Kwa hiyo Syrah anamwita Teroldego baba mdogo. Au baba mkubwa, sijui nani alitangulia kuzaliwa 😂

Seminarista_Mstaafu

Na Marzemino haoleki kwa Syrah, ni mtu na ndugu yake.

Kiranja_wa_Hombolo

Mmenichekesha, ila niongee la moyoni. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, wao mara moja. Jua tunalo. Lakini msimu uliopita nilivuna, mnunuzi akasema matangi yamejaa, subiri. Zabibu haisubiri. Niliuza nyingine barabarani kwa ndoo, nyingine nikakamua mchuzi, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, nikauza kwa bei ya kutupa, nyingine zikaozea mtini. Na hata nikiuza, kilo ni kilo: aliyetunza na aliyekurupuka bei moja. Hakuna aliyewahi kunipimia sukari mbele ya macho yangu. Hiyo namba kwenye kioo ndiyo imenigusa kuliko vitu vyote ulivyoandika.

Mzee_wa_Hoja

Hapo sasa. Wewe mleta uzi, wao wana viwanda vyao vya ushirika. Huyu ana AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, inayokusanya tu na kumtafutia mnunuzi.

Mchuma_Vichala

Ndicho kiini chenyewe, mzee. Chama cha Trentino hakitafuti mnunuzi wa zabibu. Kina matangi, kina mapipa, kina mstari wa chupa, na baadhi yao wakaungana juu wakaunda Cavit ili kuuza. Zabibu ikiingia mlangoni imeshapata pa kulala. Ushirika unaoishia kwenye kukusanya unamwacha mwanachama palepale, siku ya kuvuna, akiwa ameshika kitu kinachooza mikononi. Hata shamba la ushirika liwe kubwa vipi, bila matangi yao wenyewe watabaki wanapiga simu.

Matangi ni hela nyingi, najua. Lakini kipimo cha sukari si hela nyingi. Kile cha mkononi cha kutazamia kwenye mwanga, tone moja la juisi unasoma. Chama kinaweza kununua kimoja na kuandika namba ya kila mwanachama kabla mzigo haujaondoka. Mkifika kwa mnunuzi na daftari lenye namba za wakulima wote, mazungumzo yanabadilika.

Kiranja_wa_Hombolo

Nimekuelewa. Cha mwisho: Teroldego yangu inaungua. Upande wa jua la magharibi vichala vinakauka kabla ya kuiva. Nimeiweka kwenye waya, wima, mistari kaskazini-kusini.

Mchuma_Vichala

Hiyo zabibu imezoea kuishi chini ya majani, umeiweka nje bila kofia. Usiondoe majani upande wa magharibi, yaondoe ya mashariki tu, jua la asubuhi halina ubaya. Kama una mistari miwili mitatu ya kujaribia, vuta matawi kwa mshazari juu ya fito kama wanavyofanya wao, majani yafunike vichala. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora wako jirani yako, waulize kabla hujang'oa nguzo zote. Na ukivuna, weka picha hapa tuone.

Kiranja_wa_Hombolo

Fito ninazo. Naanza na mistari miwili baada ya kupogoa.